Natoa Mikate, Nataka Usukani

Karatasi ya kwanza Mahliyo aliibandika asubuhi kwenye ukuta wa duka la nyama, mahali ambapo kila mtu wa mtaa hupita, na kabla jua halijapanda mwenyekiti alikuwa ameshaichana. Aliichana mbele ya watu, vipande vinne, akavitia mfukoni mwa koti lake refu kana kwamba amekamata noti bandia. Mahliyo akatoa nyingine mkobani, akaibandika pale pale juu ya gundi ya ile ya kwanza.

"Wewe binti," mzee Hoshim akasema, "macho yako mazima kweli?"

"Mazima, baba. Nimekuona ukichana."

"Sasa?"

"Sasa nimechapisha hamsini."

Wanaume waliokuwa wakisubiri nyama wakacheka, halafu wakakumbuka nani anawatazama, wakaanza kukohoa. Mzee Hoshim alikuwa mwenyekiti kwa mwaka wa kumi na moja, na katika miaka hiyo hakuna harusi, msiba wala ugomvi wa maji ya mfereji uliopita mtaani bila yeye kutia neno la mwisho. Akagonga karatasi kwa kidole.

"Kitu gani hiki?"

"Kinaitwa Hunar. Programu ya simu. Wewe unajua kushona, mimi najua hesabu. Unanishonea, namfundisha mwanao. Hakuna pesa. Kila mtu anaandika anachotoa na anachotaka, simu inawakutanisha."

"Sisi hapa tunasaidiana bila simu. Tangu enzi za babu zetu."

"Nani anamsaidia nani, baba?"

Mzee alimkazia macho. Hakuwa amezoea kuulizwa swali la pili. "Mtaa huu," akasema, akipaza sauti ili hata wa mwisho kwenye foleni asikie, "haujafika mahali pa kufundishwa ujirani na mwanamke aliyemwacha mumewe."

"Sikumwacha. Niliachwa," Mahliyo akajibu. "Kama unatangaza, tangaza sawasawa."

Akatundika mkoba begani, akaenda kubandika karatasi ya tatu kwenye nguzo ya umeme. Gundi ilimmwagikia kiatuni, lakini alikuwa amempa mgongo na mzee hakuona.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Saba kati ya hiyo aliiishi mji mkuu, Tashkent, kama mke wa mtu, akiandika programu za kompyuta mchana na usiku akisikiliza mama mkwe akiuliza mtoto yuko wapi. Mtoto hakuja, na siku moja masanduku yake yakawekwa nje ya mlango, yamefungwa vizuri kwa kamba. Akarudi kwao mjini Namangan, nyumba namba sabini na tisa, kwa mama yake. Kazi ilimfuata kwenye kompyuta. Aibu nayo ilimfuata, ingawa hakumbuki kuialika.

Katika ule mwaka wa kwanza, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kwenda, aliutazama mtaa. Aliona mwalimu wa hesabu aliyestaafu anacheza drafti tangu asubuhi mpaka jioni, na nyumba tatu mbele yake watoto wanafeli mtihani. Aliona fundi wa mabati anakaa ukuta kwa ukuta na Bi Robiya mjane, ambaye paa lake lilivuja tangu theluji ya kwanza. Aliona wanawake wakiitwa harusi baada ya harusi kukanda, kushona, kuosha vibakuli mia tatu, na wakirudi kwao na mgongo unaouma na kipande cha sukari guru. Hilo ndilo mtaa uliloliita kusaidiana. Mahliyo aliandika Hunar kwa miezi minane, kwa hasira zaidi kuliko kwa kahawa.

Wiki mbili baada ya zile karatasi, Hunar ilikuwa na watu wanne. Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni mama yake, Bi Muhabbat, aliyesajiliwa bila kuulizwa. Wa tatu ni kijana mmoja wa kinyozi aliyeandika, "Natoa: kulala. Nalala vizuri sana. Nataka: chakula." Wa nne alijiita Mwenye Jogoo, na alikuwa hajaandika kitu.

Akaamua kupita nyumba kwa nyumba. Alianzia kwa Bi Robiya, aliyemkaribisha chai ya kijani na lozi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Mwanangu, mimi nikitaka kitu si naita tu juu ya ukuta?"

"Na ukiita fundi wa mabati anakuja?"

"Ana kazi nyingi, maskini."

"Tangu Desemba?"

Bi Robiya akatazama beseni lililowekwa katikati ya chumba, chini ya doa la unyevu. Mwezi wa nne huo, mvua zinanyesha siku moja ndiyo siku moja siyo. "Nimemshonea mafarishi ya kulalia ya mabinti zake wawili alipowaoza," akasema polepole. "Mafarishi kumi na sita. Sikumwomba hata shukrani."

"Basi mwombe paa."

"Haya! Niandike kwenye simu dunia nzima isome kwamba Robiya anadai? Bora ninyeshewe." Akamjazia kibakuli tena. "Na wewe, mwanangu, nikuambie ukweli kwa sababu nakupenda. Watu wanasema umeanzisha hiki kitu ili upate mume."

"Ningetaka mume nisingeanza na wewe, Bi Robiya."

Walicheka wote wawili, na Mahliyo akatoka bila mtumiaji wa tano.

Ijumaa ile alipoamka na kufungua kompyuta, alidhani mitambo imeharibika. Watu sitini na tatu. Jana walikuwa wanne. Akasimama, akakaa, akasimama tena, akatamani kumkumbatia mtu. Majina yote ni ya mtaani: kinyozi, mke wa muuza nyama, mwalimu wa drafti, hata fundi wa mabati. Ndipo akafungua ukurasa wa matangazo aone wamekuja kutafuta nini.

Kulikuwa na tangazo moja tu jipya.

"Natoa: mke, karudishwa na mwenyewe. Miaka thelathini na minne. Anajua kompyuta, hajui kuzaa. Nataka: jogoo mmoja, hata mzee."

Lilikuwa limesomwa mara mia nne. Ili kulisoma ilibidi kwanza upakue programu na kujisajili, na mtaa mzima ulikuwa umefanya hivyo tangu jana jioni, mmoja akimwambia mwenzake.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Bi Muhabbat alikuwa ameshaambiwa na jirani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Futa! Futa sasa hivi, Mahliyo! Fungia mbali hilo dude lako lote!"

"Nikifuta watajua imeniuma."

"Kwani haijakuuma?"

"Imeniuma mama. Imeniuma mpaka kwenye meno. Lakini hiyo siwapi."

Mama yake akaketi kitandani akilia kimya kimya, na Mahliyo akafanya jambo ambalo alikuwa ameapa hatalifanya kwa mtumiaji yeyote: akafungua orodha ya usajili aone Mwenye Jogoo anatumia namba gani ya simu. Alitegemea namba ya kijana fulani mpumbavu, au ya mtu wa mzee Hoshim. Namba aliyoiona aliijua kwa kichwa. Alikuwa ameinunua yeye mwenyewe, pamoja na simu, zawadi ya sikukuu mwaka jana, akampa wifi yake Saodat.

Saodat alikuwa uani mbele ya tanuri la udongo, mke wa kaka yake Ravshan, miaka minane ndani ya nyumba ile. Ravshan mwenyewe alikuwa Kazan, mwaka wa tano sasa, akijenga maghorofa ya Warusi. Saodat alivaa soksi nzito mkononi mpaka kiwikoni, akawa anapachika mikate ya duara kwenye kuta za tanuri, kichwa karibu kiingie ndani. Mtaa mzima ulikubali kwamba hakuna anayeoka kama yeye. Mahliyo akasimama nyuma yake, akanyoosha simu.

"Ngoja," Saodat akasema bila kugeuka. "Mkate utaungua."

Akangoja. Aliona ujinga wa kungoja, na bado akangoja. Mikate sita ikatoka, ikapangwa kwenye kitambaa, na ndipo Saodat alipojifuta jasho na kuitazama simu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jogoo, Saodat?"

"Nilifikiria mbuzi. Nikaona nitakuwa nakupandisha bei."

Siku nyingine huenda wangecheka. Mahliyo alihisi joto la tanuri usoni, akasogea karibu zaidi. "Nimekufanyia nini mimi? Siku gani nimekutukana? Siku gani nimekusema kwa mama?"

"Hujanisema. Hata kuniona hujaniona." Saodat alivua ile soksi, akaitupa juu ya unga. "Jana nilikuletea chai chumbani. Umenigeuzia mgongo, unaandika. Nikasoma kwenye kioo cha kompyuta yako: 'Saa ya mwanamke ina thamani sawa na saa ya mhandisi.' Nikasema, hee, maneno matamu! Halafu nikaangalia dirishani. Kibakuli cha juzi kipo. Cha jana kipo. Unanipokea cha leo huku unaandika kuhusu saa za wanawake. Saa zangu mimi ziko wapi, wifi? Ziko kwenye programu?"

Mahliyo akateremsha simu.

"Kabla hujarudi nilikuwa napikia watu wanne. Sasa watano. Nguo zako nafua mimi. Chumba chako nafagia mimi. Nikasema labda nikikaa kimya atajishtukia, mtu msomi huyu. Mwaka mzima! Jana ndiyo nikashindwa. Nikaandika, nikacheka peke yangu, halafu nikaona linasomwa, linasomwa, sikujua pa kulishika." Sauti yake ikapungua. "Hilo la kuzaa nimekosa. Hilo nisamehe. Mengine sijakosa."

Bi Muhabbat alikuwa amefika mlangoni na kusikia ya kutosha. "Nyoka!" akapiga kelele. "Nimefuga nyoka! Nampigia Ravshan simu sasa hivi!"

"Usimpigie mtu, mama," Mahliyo akasema.

"Unamtetea?"

"Simtetei. Nimesema usimpigie."

Saodat akashika simu yake. "Nifute?"

"Usifute."

Akarudi chumbani. Vibakuli vilikuwa vitatu dirishani, na kimoja kilikuwa kimeota ukungu. Alivibeba mpaka bombani, akaviosha, akavifuta, akavipanga. Hakuomba radhi siku ile. Alikuwa na kiburi, na hasira yake bado ilikuwa na haki yake. Lakini aliosha pia sufuria za asubuhi, na Saodat akamwona.

Kisha akaketi kwenye ngazi za uani, na chini ya lile tangazo akaandika kwa jina lake kamili:

"Aliyetangazwa hapa ni mimi, Mahliyo wa nyumba ya sabini na tisa. Sitolewi. Lakini kwa kuwa mmekuja sitini na tatu, na hamkuona haya kunisoma, msione haya kuandika. Kila mmoja aseme anajua kufanya nini. Mimi naanza: nafundisha kompyuta, mtoto au mtu mzima. Nataka kufundishwa kukanda unga, kwa sababu nina miaka thelathini na minne na mkate wangu unaweza kuvunja dirisha."

Alibonyeza kabla ya kujionea huruma. Robo saa hakuna aliyejibu. Halafu mwalimu wa drafti akaandika, "Hesabu, darasa la tano mpaka la kumi. Nataka mtu anikate nywele, miguu inaniuma siwezi kwenda kwa kinyozi na kurudi." Yule kijana aliyetoa usingizi akajibu papo hapo, "Nakuja kesho, mwalimu. Nisamehe lile tangazo langu la kulala." Mke wa muuza nyama akatoa kushona mapazia, akataka kujifunza kusoma herufi za Kirusi ili aelewe karatasi za dawa. Kufika alasiri matangazo yalikuwa kumi na tisa. Wengi walikuja kucheka, na wengi wao walicheka kweli. Lakini walipomaliza kucheka walikuwa bado wamo.

Siku ya pili Mahliyo akamfuata wifi yake jikoni.

"Nifundishe kukanda."

"Sina muda wa kukufundisha."

"Nitaosha vyombo vya nyumba hii mwezi mzima. Na chumba changu, na nguo zangu, hizo hazihesabiwi, hizo ni zangu." Akavuta pumzi. "Na nisamehe, Saodat. Sikukuona."

Saodat aliendelea kukata vitunguu.

"Na wewe ungeandika, ungetaka nini?" Mahliyo akauliza. "Ukiacha jogoo."

"Utanicheka."

"Nani? Mimi, wa jogoo mmoja?"

Saodat akaweka kisu. Akatazama nje, chini ya mizabibu, pale gari jeupe la Ravshan lilipolala chini ya turubai mwaka wa tano. "Kuendesha lile," akasema. "Watoto wakiugua nasimama barabarani kuomba lifti na gari liko nyumbani. Lakini atanifundisha nani? Mtaa huu mtu aliyewahi kufundisha udereva ni mmoja tu, na ndiye aliyechana karatasi zako."

Hilo lilikuwa kweli. Kabla ya uenyekiti, mzee Hoshim alifundisha shule ya udereva ya mjini miaka ishirini na sita.

"Andika tu," Mahliyo akasema.

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako."

Saodat akafuta lile tangazo la jogoo kwa mkono wake, na mahali pake akaandika, "Saodat, nyumba ya sabini na tisa. Natoa mikate. Nataka kufundishwa kuendesha gari." Bi Muhabbat alisusia chakula cha jioni. Alisema nyumba yake imegeuka kambi ya wanawake walioshindikana, akaenda kulala na njaa, na asubuhi akaamka akala mikate miwili.

Wiki iliyofuata mzee Hoshim alikuwa na harusi ya mjukuu. Kama kawaida, hakuja kuomba. Alimtuma mkewe aseme juu ya ukuta: Saodat aoke mikate mia mbili, aanze Alhamisi, unga utaletwa. Kama kawaida, mke wa mzee alianza kugeuka kabla ya kusikia jibu.

"Mama," Saodat akamwita. "Mwambie baba aandike kwenye Hunar."

"Aandike nini?"

"Anataka mikate. Aseme anatoa nini."

Mzee alikuja mwenyewe baada ya nusu saa, bila kubisha hodi. Alikuta wawili hao uani, Mahliyo akiwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Nimesikia vibaya," akasema, "au nimedaiwa?"

Saodat aliinuka. Mahliyo alitaka kusema kwa niaba yake, akajizuia.

"Hujadaiwa, baba. Nimekuokea harusi ya mwanao, nimekuokea uliporudi kuhiji, nimekuokea matanga ya dada yako. Hayo yamepita, sidai. Hii mpya nataka tubadilishane."

"Unataka nini?"

"Unifundishe gari."

Mzee akamgeukia Mahliyo. "Haya ndiyo uliyoleta! Mke wa mtu, mumewe yuko ugenini, anataka kushika usukani! Nitaandika barua wilayani. Kesho hiyo programu yako imefungwa."

"Andika, baba," Mahliyo akasema. "Na mimi nitawaonyesha watu mia na kumi waliomo. Wa mia moja na tisa ni mkeo. Anatoa achari, anataka mtu wa kumfundisha kupiga picha wajukuu."

Hilo mzee hakulijua. Uso wake ulipita rangi mbili. "Nitaita waokaji wengine," akasema, akatoka na kubamiza geti.

Aliita. Alienda kwa Bi Robiya kwanza, kwa sababu Bi Robiya hajawahi kumkatalia mtu. Mahliyo alikuja kusimuliwa baadaye na Bi Robiya mwenyewe, kwa kila neno. Mjane yule alimpa chai na lozi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha dari. Palikuwa pakavu. Fundi wa mabati alikuwa amemaliza siku mbili nyuma, akibadilishana na farishi la binti wa tatu.

"Miezi mitano nilimwita juu ya ukuta," alimwambia mzee. "Nilipoandika alikuja siku ya pili, kaleta na ngazi yake, anaogopa mtaa usije ukamwona mzembe. Basi na wewe, baba mwenyekiti, andika. Haiumi. Nilidhani inauma."

Mke wa muuza nyama alimjibu hivyo hivyo. Wa tatu alijifanya hayupo. Jumatano asubuhi, unga ukiwa umeshafika na wageni wa Andijan wakiwa njiani, mzee Hoshim alibisha hodi kwenye geti la sabini na tisa. Alibisha kweli, akangoja nje mpaka akafunguliwa.

"Masomo kumi," akasema.

"Ishirini," Saodat akajibu.

"Mikate mia mbili ni siku mbili za kazi! Masomo ishirini ni mwezi!"

"Mikate mia mbili na miaka minane ya kuijulia, baba. Lakini sawa, kumi na tano. Na nikikosea usiniambie 'mwanamke'. Niambie kosa."

Mzee alivuta ndevu. "Gari linawaka?"

"Kuna panya ndani."

"Panya si tatizo. Betri ndiyo tatizo." Tayari alikuwa anatazama chini ya mizabibu, na Mahliyo aliona kitu usoni mwake ambacho hakuwahi kukiona kule kwenye foleni ya nyama, jicho la mtu aliyeitwa kwenye kazi anayoiweza. Akampokea simu ili amsajili. Alipofika mahali pa kuandika anachotoa, mzee alimwambia aandike "Ushauri." Mahliyo akamtazama. "Haya, haya," mzee akanung'unika. "Andika udereva."

Mikate ilisifiwa mpaka Andijan. Somo la kwanza lilikuwa Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, kwenye barabara ya mtaa yenyewe, kwa sababu Saodat alikataa kupelekwa uwanjani nyuma ya ghala ambako hakuna wa kuona. Gari lilizima mara tisa. Wanaume wa mgahawa wa chai walitoa viti nje. "Ongeza unga, dada!" mmoja akapaza sauti. "Chumvi imezidi!" Saodat akashusha kioo. "Wewe uliyekula mikate sita Jumamosi," akamwambia, "funga mdomo, mingine isije ikatoka." Akawasha mara ya kumi. Gari likatingishika, likaenda, likapita mgahawa, na mzee Hoshim kando yake, ameshika kofia, akapiga kelele, "Klachi! Klachi, mwana... klachi tu!"

Habari zilifika Kazan kabla ya chakula cha mchana. Ravshan alipiga simu jioni, uso wake mdogo kwenye kioo, kofia ya ujenzi bado kichwani. Bi Muhabbat alijisogeza karibu ili asikose neno.

"Nani kakuruhusu kugusa gari langu?"

"Sikuomba ruhusa," Saodat akasema.

"Mimi niko huku naumia mgongo, wewe unafanya nichekwe na watu?"

"Mgongo wako naujua, nauombea kila siku. Wangu unaujua?" Hakupandisha sauti. "Nyumba hii nimeiendesha miaka mitano peke yangu, Ravshan. Mlima, kona, barafu. Hukuwahi kuniuliza leseni. Leo ndiyo unauliza?"

Simu ilikatika. Saodat alibaki ameishika, akitazama kioo cheusi, na Mahliyo akaona machozi yakimtoka bila sauti. Hakumwambia asilie. Aliondoa vyombo, akaenda kuviosha. Siku ya kwanza Ravshan hakupiga. Siku ya pili hakupiga. Siku ya tatu akapiga, akasalimia kila mtu kwanza, akauliza hali ya hewa, na mwisho akasema, kama mtu anayetema mbegu, "Gia ya pili inakwama. Mwambie mzee asiilazimishe."

Kufika mwezi wa sita Hunar ilikuwa na nyumba mia moja na nane kati ya mia moja arobaini za mtaa. Si wote waliokuwa wema humo. Wawili waligombana juu ya ukuta uliopakwa rangi nusu, mmoja alijitoa kwa matusi, na mzee Hoshim alianza kutoa neno la mwisho kwenye kila mzozo kwa ujumbe mrefu usio na nukta. Mahliyo alimwachia. Alikuwa na kazi nyingine.

Mwanamke mmoja kutoka mtaa wa ng'ambo ya mfereji mkubwa alimjia getini akiwa na mtoto mgongoni. Alisema wanataka Hunar kwao. Alisema pia kwamba mwenyekiti wao si kama mzee Hoshim.

"Wetu kasema ukikanyaga kule na karatasi zako atakufukuza kwa mbwa."

"Mbwa wangapi?" Mahliyo akauliza.

"Wawili."

"Mwambie nakuja kesho saa tatu. Na akianza kuchana, nina mia."

Saa mbili na nusu asubuhi Saodat alirudisha gari nyuma kutoka chini ya mizabibu, polepole, ulimi nje, huku Bi Muhabbat akisimama kando ya geti akielekeza kwa mikono yote miwili na kusoma dua kwa sauti. Mahliyo alikaa kando ya Saodat, karatasi zikiwa kwenye kiti cha nyuma, na gundi, na mikate minne ya njiani. Kwenye daraja la mfereji mkubwa gari likazima. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi, ndefu, halafu nyingine.

Saodat akatoa kichwa dirishani. "Una haraka, ruka!" akamwambia dereva wa lori. Akarudi ndani, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu, na wakavuka.